Subaru kuukuu na funzo la nchi za theluji

Wahenga wetu, wakulima kwa mabaharia, walitazama mbinguni kabla ya kushika jembe au kutweka tanga. Miongoni mwa nyota walizozitegemea ni kile kishada kidogo kiitwacho Kilimia, jina lenye uhusiano wa karibu na kitenzi "kulima". Wakatuachia methali: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wajapani nao wana jina lao la kishada hicho hicho. Wao hukiita Subaru.

Sidhani kwamba ni wengi, kati ya vijana wanaongurumisha magari hayo usiku wa manane katika Barabara Kuu ya Thika, wanaojua kuwa wamepanda Kilimia. Mtu akiinama mbele ya boneti ataziona nyota sita, moja kubwa na tano ndogo. Hizo tano ni kampuni zilizoungana mwaka 1953 kuunda Fuji Heavy Industries, na ile kubwa ni muungano wenyewe. Tangu mwaka 2017 kampuni hiyo imejiita kwa jina la gari lake.

Hata hivyo, makala haya si ya nyota. Ni ya gari, tena gari kuukuu, na jinsi linavyotunzwa na kurekebishwa na watu waishio katika baridi kali. Msomaji ataniuliza: sisi wa Ikweta tuna haja gani na habari za theluji? Tunayo haja, tena kubwa. Subaru nyingi zilizo katika barabara zetu zilitumika kwanza Japani, na baadhi yake ziliishi katika maeneo ambayo theluji huanguka kwa miezi kadhaa kila mwaka. Magari tumeyaagiza, lakini elimu ya kuyatunza tumeiacha kule yalikotoka. Upungufu huo unatugharimu fedha, na siku mbaya unaweza kutugharimu maisha.

Tuanze na asili. Kaskazini-mashariki ya kisiwa kikuu cha Japani kuna eneo liitwalo Tohoku. Pepo zitokazo Siberia hupita juu ya bahari, zikabeba unyevu na kuumwaga milimani kwa sura ya theluji. Kampuni ya umeme ya eneo hilo ilikuwa na tatizo. Wafanyakazi wake walilazimika kupanda milimani wakati wa baridi, na magari yaliyoweza kupita huko yalikuwa ya aina ya jipu, yasiyo na starehe wala joto la kutosha. Ombi la kutafutiwa gari bora likawafikia wauzaji wa Subaru wa mkoa wa Miyagi. Wao walichukua gari dogo la kawaida, ambalo lilivutwa na magurudumu ya mbele tu, wakalipachika difu ya nyuma iliyotolewa katika gari la kampuni nyingine. Likawa linaendeshwa na magurudumu yote manne. Kutokana na jaribio hilo, mnamo Septemba 1972 kampuni ilitoa Leone ya kwanza ya magurudumu manne, gari la familia lililoweza kupita palipokuwa pakipita jipu.

Zingatia basi kwamba sifa iliyolipa gari hili umaarufu haikuanzia katika meza ya mchoraji wa makao makuu. Ilianzia gereji, mikononi mwa mafundi waliolibadilisha gari ili liafiki mahali. Hicho ndicho kipimo nitakachokitumia katika makala haya. Rekebisho jema ni lile linalojibu swali lililoulizwa na ardhi.

Elimu hii niliipata bila ya kuitafuta. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamifu magharibi mwa jimbo la Massachusetts, Marekani, nilinunua Subaru Legacy ya mwaka 1996. Ilikuwa na umri wa miaka 14 na ilikuwa imekwenda zaidi ya kilomita 290,000. Sikuichagua kwa ujuzi wowote. Niliichagua kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote nilizoziona. Kwa bahati njema, kando ya mji huo palikuwa na mzee mmoja mwenye gereji ndogo, fundi asiyegusa gari jingine ila Subaru za zamani. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu wa pili katika miaka ile, na nathubutu kusema kwamba baadhi ya mafunzo yake nimeyakumbuka vizuri zaidi kuliko yale ya darasani.

Somo la kwanza lilihusu baridi yenyewe. Asubuhi ambayo kipimo kimeshuka digrii 20 chini ya sufuri, ufunguo ukizungushwa stata hugumia kama mgonjwa anayeamshwa. Baridi huidhulumu betri kwa njia mbili. Nguvu yake hupungua, hata ikafika karibu nusu ya ilivyo kawaida, na papo hapo injini huhitaji nguvu zaidi ili izunguke, kwa kuwa mafuta yake yamekuwa mazito mfano wa asali. Kwa hiyo watu wa huko hununua betri kubwa na mafuta mepesi, kama yale yaliyoandikwa 5W-30 au 0W-20. Herufi hiyo W, ambayo wengi wetu hudhani inasimamia uzito, ni herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Tarakimu iliyo mbele yake inaeleza jinsi mafuta yanavyotiririka yakiwa baridi. Ikiwa ndogo, mafuta huwahi kufika mahali yanapohitajika.

Katika miji iliyo kaskazini zaidi, kama vile Fairbanks huko Alaska, hata hayo hayatoshi. Injini hutiwa kihita cha umeme, na waya wake wenye plagi huning'inia mbele ya gari. Maegesho mengi yana soketi za umeme, na dereva huchomeka gari lake kama tunavyochomeka pasi. Mgeni anaweza kudhani kwamba magari yote ya mji huo yanatumia umeme badala ya petroli.

Kisha kuna maji ya rejeta. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na upanuzi huo unaweza kupasua chuma cha injini. Kwa ajili hiyo maji huchanganywa nusu kwa nusu na dawa maalumu, ile ambayo mafundi wetu huiita kulanti, na mchanganyiko huo haugandi hadi digrii 37 hivi chini ya sufuri. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa maana dawa hiyo ina kazi nyingine mbili ambazo tutazirejelea tukifika nyumbani.

Lakini baridi si adui mkubwa wa gari kuukuu. Chuma hakiozi kwa baridi. Adui mkubwa ni chumvi.

Theluji inapoanguka, malori ya serikali hupita usiku yakimwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke na magari yasiteleze. Chumvi hiyo huokoa maisha ya watu wengi. Hilo halina ubishi. Lakini ikichanganyika na maji hurushwa na magurudumu hadi kila pembe ya uvungu wa gari, ikatuama humo na kuharakisha kutu. Ndugu zetu wa Lamu na Mombasa hawahitaji kuelezwa. Wanajua upepo wa bahari unavyoyafanya mabati na nondo. Basi na wafikirie gari linalooshwa kwa maji ya chumvi kila siku kutoka Desemba hadi Machi.

Katika Subaru za zamani, kutu hiyo huanza mahali ambapo macho hayafiki. Hula kingo za bodi zilizo juu ya magurudumu ya nyuma. Hula sehemu ile ambapo springi na shokabsoba za nyuma zimefungwa kwenye bodi, sehemu inayobeba uzito wa gari kila linapoingia shimoni. Hula mdomo wa tangi, lile bomba la kujazia petroli, ambalo limefichwa nyuma ya kinga ya plastiki karibu na gurudumu la nyuma la kulia. Matope yenye chumvi hunaswa hapo, yakakaa mwaka mzima. Na hula mabomba ya breki.

Siku moja ya mwezi wa Februari nilikuwa nikiteremka mlima kuelekea njia panda. Nikakanyaga breki, na kikanyagio kikazama mpaka sakafuni bila upinzani wowote, kana kwamba nimekanyaga hewa. Breki za gari hugawanywa katika mikondo miwili, ili mmoja ukifa mwingine ubaki. Ule mmoja uliobaki, pamoja na breki ya mkono na lundo la theluji lililokuwa kando ya barabara, ndio walioniokoa. Niliketi pale nimeshika usukani kwa muda mrefu. Kilichonikereketa zaidi si hofu bali kumbukumbu: wiki tatu kabla ya siku hiyo nilikuwa nimetumia fedha zangu chache za mwanafunzi kulinunulia gari lile redio mpya.

Yule mzee aliliinua gari na kunionyesha. Bomba la breki ni jembamba kuliko kalamu. Mahali liliposhikizwa kwenye bodi kwa kibanio, matope yalikuwa yamejaa, na chini ya matope hayo chuma kilikuwa kimeliwa kikabaki kama ganda la kitunguu. Hakunilaumu. Aliyang'oa mabomba yote, hata yale yaliyoonekana kuwa mazima, akaweka mapya ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, madini ambayo hayaliwi na kutu ya aina hiyo. Hilo likawa rekebisho la kwanza nililolifanyia gari lile. Halionekani wala halisikiki, na hakuna mpita njia aliyewahi kugeuza shingo kwa ajili yake.

Rekebisho la pili lilikuwa geni kwangu zaidi. Kila mwaka kabla ya theluji kuanza, mafundi wa huko hupulizia uvungu wa gari mafuta mazito yaliyotengenezwa kwa lanolini, yaani yale mafuta yatokayo katika sufu ya kondoo. Mafuta yale yale yanayomkinga kondoo na mvua hukikinga chuma na chumvi. Hupenya katika maungio, hayakauki upesi, na hurudiwa kila mwaka. Mzee alinionya dhidi ya ile rangi nyeusi nzito kama lami ambayo watu huipenda kwa sababu inapendeza machoni. Ikipasuka hata kidogo, maji ya chumvi huingia nyuma yake na kujificha humo, na chuma huoza mwenyewe akidhani amekilinda. Zaidi ya hayo, alinifunza kuosha uvungu kila siku za baridi kali zinapolegea, na kuzibua vile vitundu vidogo vilivyo chini ya milango ili maji yasituame. Kazi hizi zote hazihitaji shahada. Zinahitaji mtu aliye tayari kuinama.

Somo la tatu lilikuwa la injini. Injini ya Subaru huitwa boksa kwa kuwa silinda zake zimelala ubavuni, pande mbili zikielekeana, na pistoni hurushwa kulia na kushoto kama ngumi za mabondia. Ulalo huo huishusha injini chini, nalo gari hutulia katika kona. Lakini injini nyingi za lita 2.5 zilizotengenezwa katika miaka ya 1990 na baadaye kidogo zilikuwa na udhaifu katika gaskiti za hedi. Za mwanzo zilikuwa zikipenyeza gesi moto ya silinda ndani ya maji ya rejeta. Zilizofuata zikavuja kwa nje, mafuta yakidondokea ekzosi na kutoa harufu ya kuungua. Dawa yake inajulikana: kusawazisha uso wa hedi na kuweka gaskiti ya matabaka ya chuma badala ya ile ya asili. Fundi hodari hatafanya kazi hiyo bila kubadilisha papo hapo mkanda wa taimingi na pampu ya maji, kwa maana ameshafika huko. Mkanda huo ukikatika katika injini ya lita 2.5, vali hugongana na pistoni na injini huangamia. Ile ya lita 2.2 niliyokuwa nayo, kama zote za aina yake kabla ya mwaka 1997, haikuwa na hatari hiyo, na ndiyo maana wapo wanaong'oa injini ya lita 2.5 iliyochoka wakapachika ya lita 2.2 mahali pake.

Katika nchi za baridi ugonjwa wa gaskiti hutambulikana mapema, kwa sababu ambayo sikuwa nimeiwaza kamwe. Hewa ya joto inayompulizia dereva hutokana na maji ya injini. Gesi ikiingia katika maji hayo, joto hilo hukatika ghafla, na dereva anayetetemeka hukimbilia kwa fundi siku hiyo hiyo. Kwetu nani huwasha joto la gari? Onyo hilo hutupita, na tunakuja kushtuka mvuke ukifoka chini ya boneti. Lakini onyo la pili lipo, nalo halihitaji theluji: viputo vinavyochemka mfululizo katika chupa ya maji ya akiba ilhali injini haijapata joto la kupita kiasi.

Ama kuhusu matairi, huko Quebec nchini Kanada sheria inamlazimu kila mwenye gari kufunga matairi ya theluji kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Mpira wa kawaida hukakamaa baridi ikizidi, ukapoteza mshiko. Mpira wa tairi la theluji hubaki laini. Mwenye Subaru ana sharti jingine, ambalo halitegemei hali ya hewa. Matairi yake manne yanapaswa kulingana. Magurudumu yote manne yameunganishwa, na tairi moja likiwa jipya na matatu yakiwa yamelika, lile jipya huzunguka mara chache kuliko wenzake katika kila kilomita. Tofauti hiyo humezwa na giaboksi, hadi siku itakapotapika. Kampuni imeweka kikomo cha tofauti ya mzingo kuwa takriban milimita 6 tu.

Nafika sasa katika marekebisho ya fahari. Nisidhaniwe kuwa nawasifu Wamarekani kana kwamba wote ni wenye hekima. Huko nako wako wanaoinua Subaru zao kwa sentimita tano au zaidi ili zifanane na magari ya vita, halafu wanashangaa ekseli, ambazo sasa zimeinama kupita kiasi, zinapopasua mipira inayofunika viungo vyake na kumwaga grisi. Wako wanaofungua ekzosi ili mlio usikike kata ya tatu. Na kuhusu mlio huo inafaa tuambizane ukweli. Ile ngurumo ya Subaru inayoabudiwa Nairobi na Boston hutokana na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu, ambayo huufanya moshi wa silinda kutoka kwa mapigo yasiyo sawa. Kampuni ilipoyasawazisha mabomba hayo katika baadhi ya modeli za baadaye, ngurumo ilitoweka. Si nguvu tunayoisikia. Ni kasoro ndogo ya mpangilio.

Sipingi ujana, wala simwonei gere mtu anayelipenda gari lake. Napinga mpangilio wa mambo. Yule anayefunga bati nene la kukinga tumbo la injini kwa sababu njia ya kwake ina mawe, huyo amejibu swali la ardhi yake. Anayenunua ekzosi ya kelele ilhali hajui hali ya mabomba yake ya breki amefanya kama mimi na ile redio.

Na sasa tuje nyumbani. Kanuni zetu haziruhusu kuagiza gari lililozidi umri wa miaka minane. Ni kanuni yenye busara, lakini huhesabu miaka tu. Chumvi haihesabu miaka. Gari lililoishi miaka minane katika mji wenye joto wa kusini mwa Japani na lile lililoishi miaka minane Hokkaido, Tohoku au Niigata hufika Mombasa yakiwa rika moja kwenye karatasi, ilhali chini yake moja ni kijana na jingine ni mkongwe.

Miaka michache baada ya kurejea, nilikwenda kununua Subaru Forester kwa mwuzaji mmoja jijini. Rangi ilimeta, viti vilikuwa safi, kilomita zilikuwa chache. Nikalala chini, wauzaji wakacheka. Uvungu wote ulikuwa umepakwa ile rangi nyeusi ya lami, mbichi bado. Nikaomba bisibisi. Nilipoigusisha juu ya gurudumu la nyuma, pale panaposhika springi, ilizama kama inavyozama katika papai bivu.

Nikaomba kuiona karatasi ya mnada, ile ambayo hutolewa Japani gari linapopigwa mnada, yenye mchoro wa gari na herufi zinazoonyesha kasoro. Mchoro ulikuwa umejaa herufi S na C. Mwuzaji akanieleza kwa uhakika kwamba S ni "safi".

Nimeifikiria kauli hiyo mara nyingi, na sikubali kuwa yule bwana alikusudia kunidanganya. Katika karatasi hizo, herufi S ikiwa mahali pa daraja la gari zima huashiria gari lililo kama jipya. Lakini ikiwa ndani ya mchoro husimamia neno la Kijapani sabi, yaani kutu. Na C ni kutu iliyokwisha kukila chuma. Pembeni palikuwa na maandishi ya mkono. Kijapani changu ni kidogo, lakini kilitosha kulitambua neno hilo hilo, sabi, likifuata maneno yenye maana ya "upande wa chini". Onyo lilikuwepo, limeandikwa na Mjapani mwaminifu, likasafiri baharini maelfu ya kilomita, likafika mikononi mwa mtu ambaye hakuweza kulisoma.

Hapa ndipo taaluma yangu inaponidai niseme neno. Mafundi wetu wa jua kali si wajinga. Msamiati wao wa ufundi ni mpana na wenye uhai: rejeta, bushi, gaskiti, difu, giaboksi. Lakini msamiati huo uko midomoni; haumo vitabuni. Vitabu vya magari wanayoyatengeneza vimeandikwa kwa Kijapani au kwa Kiingereza cha wahandisi. Kijana wa Barabara ya Kirinyaga hujifunza kwa kumtazama aliyemtangulia, na yule aliyemtangulia hakuwahi kuiona theluji wala chumvi yake. Vyuo vyetu vya ufundi vingeweza kuandika kijitabu chembamba cha Kiswahili kinachomweleza mnunuzi na fundi jinsi ya kulikagua gari lililotoka nchi za baridi. Hakihitaji fedha nyingi. Kinahitaji fundi mmoja, mwalimu mmoja wa lugha, na nia.

Kabla ya kijitabu hicho kuandikwa, mwenye Subaru au anayetaka kuinunua na azingatie machache. Alale chini aitazame, tena kwa tochi na bisibisi, na rangi mpya ya uvungu imtie shaka badala ya furaha. Atafute mtu wa kumsomea karatasi ya mnada. Avue kinga ya plastiki iliyo nyuma ya gurudumu la nyuma la kulia, atoe matope yaliyokuja na gari. Ayakague mabomba ya breki hatua kwa hatua, hasa kwenye vibanio. Asinunue tairi moja moja.

Na asitie maji ya bomba katika rejeta. Najua hoja ya wengi: kulanti ni ya kuzuia kuganda, na kwetu hakugandi. Zile kazi zake mbili nilizoziahidi ni hizi. Huzuia kutu ndani ya injini, na huyafanya maji yachelewe kuchemka. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa ajili ya mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 94 hivi badala ya 100. Kwa hiyo sisi wa nyanda za juu, ambao hatuna theluji, tunaihitaji dawa hiyo kwa sababu zetu wenyewe. Gaskiti nyingi ambazo lawama yake huelekezwa kwa Mjapani zimeuawa na maji ya mfereji.

Legacy yangu niliiuza nilipomaliza masomo, ikiwa imezidi kilomita 340,000, kwa mwanafunzi mwingine aliyekuwa fukara kama nilivyokuwa. Nilimkabidhi ufunguo pamoja na anwani ya yule mzee, nikamwambia kwamba katika viwili hivyo anwani ndiyo yenye thamani. Redio ilikuwa imekwisha kuharibika.

Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Magari haya yanazama katika theluji ya huko na kuzuka katika jua letu, na sisi tunayapokea kwa shangwe kwa kuwa yanameta. Ni vizuri kushangilia. Lakini kwanza tuiname, tutazame chini.